Nilimpa Bega

Asubuhi ile Zenaida Archuleta alipanda gari la wifi yake kama anayekwenda harusini. Mdomo haukufungika. Alikuwa amepaka rangi nyekundu midomoni na kuvaa hereni za fedha za marehemu mama yake.

"Kula," Orlinda alimwambia, akimsukumia burito, chapati iliyoviringishiwa nyama na pilipili ya kijani. "Usije ukaanguka mbele za watu, waseme wifi yako alikunyima chakula."

"Nikila nitatapika."

"Basi lenga viatu vya Garrett. Si vyeupe vile? Uvipake rangi!"

Walicheka mpaka nusura wapitilize njia ya kuingilia Santa Fe. Siku hiyo bodi ya leseni za tiba ilikuwa inasikiliza malalamiko dhidi ya Garrett Lindqvist, mganga wa mikono aliyefungua chumba cha tiba mjini kwao Española. Shahidi alikuwa Zenaida peke yake. Asingeaminiwa, kesho yake bwana yule angewasha mishumaa yake na kuwalaza wanawake wengine kitandani.

Na tuseme kweli, maana uongo haumsaidii mtu hapa: mikono ya Garrett ilikuwa inaponya. Zenaida ana saluni, na mwaka aliomzika mumewe bega lake la kulia liligoma kabisa, hata kitana hakuweza kukinyanyua. Garrett akalikanda na kulinyoosha polepole, na baada ya wiki chache Zenaida akarudi kazini. Alilia kwa furaha. Kila mteja aliyekaa kitini pake aliambiwa habari za mganga huyo.

Kisha siku moja, akiwa amefumba macho, alisikia mkono ukitoka begani, ukateremka hadi kwenye titi lake, ukatua hapo.

"Huzuni ya mumeo imekaa hapa," Garrett alinong'ona. "Wala usiseme kitu. Mwili wako umeshanikubali."

Jamani! Mtu hata hakuulizi, anajijibu mwenyewe, halafu anaita tiba. Zenaida alikauka kama ubao. Akarudi mara nyingine, akijiambia labda ni yeye asiyeelewa mambo. Mkono ukateremka tena. Safari hii alivaa viatu vyake akaondoka, na njia nzima alikuwa akijitukana yeye badala ya kumtukana yule mwanamume.

Ukumbini wafuasi wa Garrett walijaa upande mmoja, nguo nyeupe tupu, wakivuta pumzi kwa pamoja. Garrett akamtabasamia Zenaida kwa huruma, kama mtu anayemsamehe. Zenaida akashangaa kuona kwamba haogopi. Alikuwa na hamu! Maneno yalikuwa yamemjaa kooni, na kila mmoja ukumbini alilazimika kunyamaza amsikilize.

Mwanasheria wa Garrett alikuwa mzee mpole.

"Bi Archuleta, ulijilaza mwenyewe pale kitandani?"

"Ndiyo."

"Kuna aliyekufungia mlango?"

"Hakuna."

"Ukaguswa, kama unavyodai. Halafu ukarudi."

"Nikarudi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu bega lilikuwa linapona."

Minong'ono ya furaha ikapita upande wa nyeupe. Mzee akageukia bodi, mikono ameifungua. "Basi mteja wangu alimponya."

"Aliniponya, ndiyo," Zenaida akasema, na sauti yake ikapanda hadi ikamfurahisha mwenyewe. "Bega nilimpa, akalitibu, nikamshukuru. Titi sikumpa! Hakuniomba. Angeniomba ningemkatalia, na ndiyo maana hakuniomba!"

"Mwambie, wifi!" Orlinda akapiga kelele, na mwenyekiti akamwamuru anyamaze.

Palepale kiti kikakwaruza sakafu. Msichana mwembamba wa upande wa nyeupe alikuwa amesimama, akimkazia macho Garrett, na Garrett hakuwa anatabasamu tena.

"Mimi aliniambia huzuni imekaa mapajani," msichana akasema. "Nilidhani ni mimi tu."

Mwenyekiti alikuwa anagonga meza, mwanasheria anapinga, Orlinda analia na kucheka kwa mpigo. Zenaida hakumsikia hata mmoja. Aliteremka kutoka kiti cha shahidi, akavuka ukumbi karibu mbio, akasimama mbele ya msichana.

"Nikukumbatie, mwanangu?"

"Ndiyo."