Namba Thelathini na Nane

Mke wangu ana mwaka wa sita kaburini, lakini kila alasiri namsikia akija karakanani. Hatua nzito, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo. Atakayeniambia ni masikio ya uzee na afunge domo lake. Vile viatu nilivishona mimi, navijua vinavyolia.

Alikuwa na miguu midogo, na aliringa nayo. Mimi nilikuwa nikimtania kwamba nilioa miguu, mwenye miguu akaja kama nyongeza. Nilimchongea kalibu zake mwenyewe, miguu miwili ya mti ninayoshonea, namba thelathini na nane, na kila jozi niliigonga muhuri wa namba hiyo kwa ndani.

Binti yetu wa pekee alikuwa darasa la tano viatu vilipoanza kumbana mama yake. Akaja ameshika kimoja mkononi, machozi yanamlengalenga.

"Nimenenepa mpaka miguu?"

"Ngozi za siku hizi mbovu, mke wangu. Zinasinyaa."

Akaenda zake. Nikabandika kipande cha ngozi juu ya kalibu, nikashona jozi kubwa zaidi, na ndani nikagonga muhuri uleule wa thelathini na nane. Alipovivaa alicheka na kuzunguka karakana nzima. Niambieni, mngekikataa kicheko kile?

Miaka saba nilifanya hivyo, ngozi juu ya ngozi. Pete ya ndoa ikamkwama, akaivua kwa sabuni na kuifungia kabatini. Sauti ikawa nzito. Taya likachomoza. Akakoroma hadi jirani akauliza kama tumenunua mashine ya kusaga, nami nikacheka naye, mpumbavu mimi. Mtu unayemwona kila siku humwoni akibadilika. Lakini mimi nilikuwa na futi ya kupimia mkononi.

Sukari na presha vilipompeleka hospitali, daktari, dada mmoja mwangalifu, alimuuliza maswali mengi. Moja lilikuwa hili: "Mama, namba yako ya kiatu imebadilika miaka ya karibuni?"

"Hata kidogo," akajibu. "Thelathini na nane tangu niolewe. Huyu hapa ndiye fundi wangu."

Daktari akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Akaandika, akaendelea na swali jingine.

Miaka miwili baadaye daktari mwingine alimtazama mikono tu akajua, kabla hata hajaketi. Alitueleza taratibu. Chini ya ubongo kuna kitezi kidogo; kimeota uvimbe, kinamwaga homoni ya ukuaji bila breki. Ini likiipata hiyo linatoa kitu kingine kwenye damu, kinafanana na insulini, nacho kinaamrisha mifupa na nyama: kueni. Mtoto akikikosa hudumaa. Mtu mzima naye anakihitaji, kwa kiasi, mwili ujijenge. Kikizidi, mifupa ya mtu mzima haina tena pa kurefukia, basi inatanuka.

"Na moyo nao unatanuka," alisema. "Laiti tungejua mapema."

Moyo wake haukusubiri upasuaji. Jozi tuliyomzika nayo ilikuwa na muhuri wa thelathini na nane. Kwa futi ilikuwa arobaini na mbili.

Mwezi uliopita, alasiri, nikasikia hatua mlangoni. Nzito, wa kushoto ukiburuta.

"Karibu, mke wangu," nikasema bila kuinua kichwa.

"Baba, ni mimi."

Alikuwa binti yangu, mwalimu sasa, ameolewa. Viatu nilivyomshonea mwaka juzi vilikuwa vinambana mpaka anachechemea.

"Nipanulie tu kidogo, baba. Shule inafungua Jumatatu."

Nikatazama kidole chake. "Pete iko wapi?"

"Si joto hili! Vidole vinavimba."

Nikampima mguu. Arobaini. Nikapima tena. Arobaini. Na mkono wangu, nawaambia ukweli mtupu, ukaenda wenyewe kwenye muhuri wa thelathini na nane. Nikimwambia, atajua nani alimfungia mama yake njia, na huyu ndiye niliyebaki naye duniani. Nikinyamaza, nitamshonea na yeye viatu vya kuzikiwa.

Nikashusha kalibu za mama yake rafuni. Nikachukua kisu, nikabandua ngozi mbele yake, moja baada ya moja, mpaka saba zikalala mezani na mti ukabaki mtupu. Nikamweleza yote, na swali la daktari, na kichwa changu kilivyoitikia.

Hakulia. Alichukua mkoba wake. "Kesho saa mbili, hospitali. Na wewe unakuja."

Daktari aliuliza swali lilelile. Binti yangu akanigeukia. "Muulize fundi wangu."

"Mwaka juzi thelathini na nane," nikasema. "Sasa arobaini. Nimepima mwenyewe, mara mbili."

Kipimo cha damu kilikuta kile kitu kinachofanana na insulini kimepanda mno. Picha ya kichwa ikaonyesha uvimbe mdogo kuliko punje ya dengu. "Mmewahi," daktari akasema, akapanga siku ya upasuaji. Nililia mbele za watu, wala sikuona haya.

Tukakaa kwenye benchi la ukumbini. Ndipo binti yangu akasema, akiitazama miguu yake, "Mama alijua."

"Alijua nini?"

"Nilipokuwa na miaka kumi na sita aliniazima jozi yake. Ndani imeandikwa thelathini na nane, na mimi navaa thelathini na nane, lakini mguu ulikuwa unaogelea. Nikamwambia. Akanijazia pamba mbele, akasema nyamaza, usimwambie baba yako. Anajitahidi nisione."

Kumbe kwa yule daktari wa kwanza tulikuwa waongo wawili, kila mmoja akimsitiri mwenzake.

Jana alasiri hatua zilikuja tena, zikasimama mlangoni. Safari hii niliweka sindano chini, nikainua kichwa.

"Arobaini na mbili, mke wangu," nikasema. "Ilikuwa arobaini na mbili."