Pengo la Baba Dinah

Mume wangu Eliakim alikuwa ameshaanguka mtihani wa kusoma Kiingereza kwa sauti, na bila huo hakuna ualimu katika shule ya hapa kwetu. Akianguka tena, angerudi kukamua ng'ombe wa mzungu kule Kitale, nami nibaki Misikhu nikimwona Krismasi hadi Krismasi. Sikuolewa ili niwe mke wa Krismasi.

Kilichomwangusha ni irabu. Kiingereza kina live, yaani kuishi, na leave, yaani kuondoka. La kwanza hukatwa fupi, mdomo umelegea. La pili huvutwa, midomo ikienda kando hadi meno yaonekane, kama mtu anayetabasamu. Lugha gani hii, watu wanaishi wamenuna na kuondoka wanacheka? Lakini si mimi niliyeitunga. Eliakim aliyajua hayo yote, akayaeleza vizuri, ila yakimtoka kinywani yalikuwa mapacha.

Jioni moja nikipepeta wimbi, nilimtazama badala ya kumsikiliza. Kila alipofika kwenye leave, mdomo wa chini ulipanda kufunika pengo. Sisi wa rika letu tuling'olewa meno ya chini tungali wadogo. Bila pengo hukuhesabiwa mtu. Huko chuo cha ualimu alikosomea, vijana wenye meno kamili walimcheka, na tangu hapo akawa anaongea kama aliyeshika maji mdomoni.

"Baba Dinah, unaficha nini?" nikamwuliza. "Si mimi niliona hiyo pengo nikakubali?"

"Mkaguzi ataiona."

"Aone. Ama unataka kwenda kukamua?"

Nilimhurumia, na hasira nilikuwa nayo pia, maana pengo lile nililipenda kabla sijajua hata jina lake.

Siku ya mtihani nilipanda naye lori la mahindi la Harnam, mwenye duka, hadi Kitale. Nikasimama nje ya dirisha. Mkaguzi, mama wa kizungu, alikuwa amenipa mgongo. Eliakim akasoma live, sawasawa. Akafika kwenye leave, mdomo ukapanda.

"Rudia," akasema mkaguzi.

Akarudia, ikawa yale yale. Nikaona jasho kwenye paji la uso wake, nikaiona na Krismasi ikija.

Basi nikavuta mdomo wangu wa chini kwa vidole, nikamwonyesha pengo langu lote, mimi mama mzima, mbele ya watu waliokuwa wakingoja zamu. Eliakim alijaribu kujizuia asicheke. Mdomo ukamshinda, ukaenda kando, na neno likatoka refu na safi. Mkaguzi alipogeuka kuangalia dirishani, nilikuwa nimeshachutama.

Alitoka baadaye, wala hakusema kama amepita. Alisimama mbele yangu akasema leave, leave, leave, pengo lote nje, watu wakitutazama. Ndipo nikajua anabaki nyumbani.