Pedi ya Pili

Kama kuna mtu Kariakoo nzima aliyezijua kaseti za gemu za zamani, ni Athanas Komba, fundi televisheni wa Mtaa wa Likoma. Na kama kuna mtu asiyechoka kukukumbusha kwamba anazijua, ni yeye huyohuyo. Alikuwa nazo mia mbili na kumi na nne, zile nene za plastiki za kuchomeka kwa juu, kila moja na mfuko wake wa nailoni. Alikuwa pia na televisheni nne za chogo, ambazo wenzake walishazitupa jalalani. Televisheni bapa inaua gemu, alikuwa akisema. Bunduki ya gemu ya kupigia bata haioni kitu kwenye kioo bapa. Hilo ni kweli kabisa. Shida ni kwamba hakubaki mtu wa kumwambia.

Zamani walikuwapo. Alifungua grupu la WhatsApp, akaliita Kaseti za Kale, likafika watu thelathini na wanane, wa Dar, wa Tanga, wawili wa Mombasa. Mtu anatuma picha ya kaseti aliyoikuta stoo kwa mjomba wake, na wengine wanaanza: hii imetoka Taiwani, hapana, ya Dubai, lebo ni yenyewe au ya kubandikwa, chipu ya ndani imezibwa kwa lami au iko wazi. Ubishi ulianza saa ya chai ukaenda hadi adhuhuri. Athanas ndiye aliyekuwa adimini. Siku zile alichomea waya kwa mkono mmoja na simu kashika kwa mwingine, akicheka peke yake mpaka wateja wakamtazama.

Aliyebishana naye zaidi ni Ronak, muuza vyombo vya stili wa Kisutu. Ronak alikuwa na kaseti chache ila macho makali. Ukituma picha, hata iwe na ukungu namna gani, yeye ndiye wa kwanza kujibu, na hakujibu kwa kidole gumba kama wengine. Aliandika. Hawakuwahi kuonana ana kwa ana, ingawa toka Likoma hadi Kisutu hata kwa miguu si safari.

Kilichowakosanisha ni kaseti ya Wapagazi. Jina lake halisi liliandikwa Kichina na hakuna aliyelijua. Hilo la Wapagazi walilitoa watoto wa Kariakoo. Ndani yake watu wawili wamebeba sanduku kwenye mti mmoja, wa mbele na wa nyuma, wanalipitisha sokoni, kwenye madaraja, kwenye matope, hatua tisa. Likianguka mara tatu, umekwisha. Kaseti yenyewe, ya kijani, Kariakoo ilikuwa moja tu, kwenye kibanda cha gemu cha Mtaa wa Mafia, mwaka tisini na saba. Kibanda kikafungwa, nayo haikuonekana tena. Athanas alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hatua zote tisa alizimaliza. Peke yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yake mjini. Kwenye grupu walimwita Mzee wa Tisa, na ukimpa upenyo mdogo tu alikusimulia msumari uliochomoza kwenye benchi, umeme ulivyoyumba hatua ya nane, na mwenye kibanda alivyosimama mlangoni kushuhudia.

Siku moja Ronak akaandika, kwa adabu tu, kwamba aliwahi kuiona kaseti hiyo kwa binamu yake Tanga, na kwa anavyokumbuka haichezeki na mtu mmoja. Lazima ziwe pedi mbili za kuchezea, mikononi mwa watu wawili. Athanas akajibu kwamba kumbukumbu za Tanga hazina kazi Kariakoo. Ronak akarudia. Athanas akamwambia muuza sufuria abaki na sufuria zake.

"Kaka, sibishani ili nishinde," Ronak aliandika. "Nauliza tu, ulikuwa na nani?"

Athanas akamtoa kwenye grupu.

Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Grupu halikufa siku ileile. Lilikufa kidogo kidogo, kwa sababu ukituma picha na asiwepo mtu wa kuandika, unachoka. Mwisho zikabaki salamu za Ijumaa na matangazo ya viwanja vya Kigamboni. Athanas aliendelea kutuma, akitazama tiki zikigeuka bluu bila neno. Alikuwa mpweke, na tuseme ukweli, hakujua kwa nini. Mkewe Klara alirudi kwao Songea, mwaka wa sita sasa. Ukimuuliza Athanas alivyoianzisha karakana, alikwambia alianza mwenyewe, na bisibisi moja na koleo moja. Vitumbua alivyokaanga Klara miaka mitatu mfululizo ili kodi ya fremu ilipwe havikuwamo kwenye stori.

Basi Jumamosi moja alikwenda Mchikichini kutafuta viatu. Celina, mama anayeuza mabegi ya mitumba, alikuwa amemwaga chini vikorokoro vilivyotolewa kwenye nyumba iliyobomolewa Ilala: rimoti, wanasesere wasio na nywele, saa za ukutani. Katikati yake kulikuwa na kitu cha kijani. Athanas alijikaza asikimbilie. Alishika begi, akalikagua zipu, akaulizia bei, ndipo akasema kwa uvivu kwamba na kile kiplastiki pale angekichukua. Celina akamtupia ndani ya begi kama nyongeza. Viatu alivisahau.

Njia nzima alikuwa anaipanga video. Ataiegemeza simu kwenye sufuria, ajirekodi toka hatua ya kwanza hadi ya tisa, peke yake, kisha aitume kwenye grupu na kwa Ronak. Kwa Ronak hataandika kitu. Na kama Ronak angejibu, hata kwa matusi, angalau wangekuwa na la kuzungumza. Hilo la mwisho ndilo lililomwongeza mwendo.

Jumapili baada ya misa aliisafisha kaseti meno kwa spiriti, akaichomeka, akawasha. Picha ikaja, na muziki ukaja, uleule alioupigia mluzi miaka ishirini na nane. Wapagazi wawili wakasimama na sanduku lao. Akabonyeza. Wa mbele akanyanyua mguu. Wa nyuma akabaki amesimama, mti ukapinda, sanduku likaanguka. Akajaribu tena, likaanguka tena, na mara ya tatu gemu ikaisha. Alichomoa kaseti, akaipuliza, akairudisha. Alibadilisha pedi, akabadilisha mashine. Alifungua hata skrubu akaitazama chipu kama mtu aliyedhulumiwa. Mwishowe akachomeka pedi mbili, moja kila mkono, wa mbele kulia, wa nyuma kushoto, akavuka mabanda mawili ya soko kabla sanduku halijadondoka.

Hapo ndipo kumbukumbu ilipomjia. Sauti ya mtoto karibu na sikio lake, imezibwa na mafua, inahesabu hatua: moja, mbili, moja, mbili. Kiwiko kilichomgusa kila walipokata kona. Kuna mtu alikaa upande wa pili wa benchi lile likizo nzima, ameshika pedi ya pili. Athanas alizima televisheni. Aliona aibu. Msumari wa benchi aliukumbuka miaka yote.

Jioni aliandika kwenye grupu kwamba Wapagazi ni ya watu wawili, kwamba Ronak alisema kweli, na kwamba yeye hakumaliza peke yake. Alifuta mara nne kabla ya kutuma. Wakasoma kumi na mmoja. Mmoja akaweka kidole gumba, mwingine akatoka kwenye grupu, pengine kwa sababu zake.

Jumatatu mchana alifunga karakana, akaitia kaseti mfukoni, akaenda Kisutu kwa miguu. Dukani alimkuta Mama Geeta, mamake Ronak, nyuma ya kaunta. Alimwamkia shikamoo, mama akaitikia marahaba, akaita ndani. Akatoka mtu mwembamba mwenye mvi, miwani kaipandisha kwenye paji la uso. Athanas alijitambulisha. Ronak akamvutia kiti na kummiminia chai kutoka kwenye chupa.

Athanas alisema yote, kwa kifupi, bila kujitetea. Ronak aliigeuza kaseti kwenye mwanga, akachunguza lebo, akasema ni ya kwanza kabisa, na kwa muda mfupi macho yakamng'aa. Athanas akapata matumaini. Akamwomba aje karakana Jumapili yoyote, au yeye yuko tayari kubeba televisheni kuileta huku. Akauliza amefikisha kaseti ngapi.

Ronak akasema hana hata moja. Alizigawa mwaka jana.

"Mimi sikuwa mtu wa kaseti hasa," alisema. "Nilikuwa nazitafuta nipate cha kuongea na nyinyi asubuhi."

Athanas akaomba msamaha. Ronak akasema yameisha, na alionekana hasemi kwa kumridhisha. Kisha akauliza lilelile aliloliuliza miaka miwili nyuma, mpagazi wa nyuma alikuwa nani. Athanas alikuwa amelala nalo na kuamka nalo. Alichokumbuka ni sauti, kiwiko, na kandambili za bluu za yule mtoto.

"Jina silikumbuki," alisema.

"Likizo nzima?"

"Likizo nzima."

Ronak akamrudishia kaseti taratibu, kwa mikono miwili. Hakukuwa na hasira usoni mwake.

"Nikija tukaimaliza, Athanas, miaka ikipita utamsimulia mtu kwamba ulimaliza peke yako. Acha tu, kaka."

Athanas alitaka kusema si kweli, lakini hakuwa na uhakika. Akamaliza chai, akaaga. Mama Geeta akamwambia karibu tena, kama alivyomwambia kila mteja.

Alikatiza Mnazi Mmoja jua likiwa kali, akiwapitia kichwani watoto wa Mtaa wa Mafia wa enzi zile mmoja mmoja. Bakili. Shukuru. Hashimu. Kila jina alilijaribu kwenye ile sauti ya mafua na hakuna lililoingia. Alipofika Msimbazi majina yalikuwa yamemwishia, akasimama kando ya barabara, akaanza upya na Bakili.