Maji ya Askofu Hartwig

Asubuhi ile Gisla alikuwa mlangoni anakwangua magamba ya samaki, akaja kuitwa: njoo kanisani, kaka yako anapimwa kwa maiti. Mji ule wa kando ya mto Rini ulikuwa na desturi yake. Mtuhumiwa anasogezwa kwa maiti, na maiti akimtambua aliyemuua, anatoa damu. Sasa Askofu Hartwig alikuwa amezama mtoni akivushwa, na mvushaji ndiye Ruprecht, kaka yake Gisla. Damu ikitoka tu, kamba shingoni.

Lakini kwenye mashua walikuwa watatu, bwana. Alikuwemo na padri Otbert. Huyu alikuwa mtoto wa mchunga mbuzi, alianza kwa kuwasha mishumaa, akasoma, akapanda mpaka kuwa mwandishi wa mfalme, na mfalme alishamwahidi kiti cha uaskofu siku kikiwa wazi. Ila kiti kilikuwa kinachelewa. Mzee Hartwig alikuwa bado anakula vizuri, na ngazi anapanda mwenyewe.

Basi Ruprecht akaweka mkono kifuani kwa maiti. Damu haikutoka. Gisla akashusha pumzi. Ikafika zamu ya mapadri kuaga. Otbert akainama abusu pete, na maji ya mto yakaanza kumtoka maiti mdomoni, ya baridi, na visamaki ndani yake. Yakafika vifundoni. Watu wakavua viatu.

"Mzee kamjua mtu wake," Gisla akasema. Hakupaza sauti, ila kila mtu alisikia.

Otbert akakunja kanzu isilowe. "Mwanangu, desturi inasema damu. Hapo umeona damu?"

Mapadri wakanong'onezana weee, wakakubaliana kwamba damu siyo. Kama siyo damu, maiti hajamtaja mtu. Na kama hajamtaja mtu, lawama inabaki kwa mvushaji, maana mashua ni yake. Ruprecht alinyongwa kabla watu hawajala mchana. Jumapili Otbert akasimikwa.

Alikaa kwenye kiti mpaka uzee, akajenga mnara, na mahubiri alikuwa anayaweza, hilo tusimnyime. Ila kila akiingia kusoma misa, kaburi la Hartwig mle mle kanisani linachuruzika maji. Watu wakazoea, wakawa wanakuja na viatu vya mbao. Mapadri wakatafuta wa kuyachota, kazi wakampa Gisla. Walimwonea huruma, nyumba yake haina tena mwanamume.

Misa ikiendelea, yeye anapita na ndoo yake, anachota, mpaka anafika kwenye kiti.

"Baba Askofu, inua mguu."

Otbert anainua.