Kikapu cha Idi Pili

Kuna watu wakiambiwa twende tukastarehe huanza kutafuta nguo. Zuhra alianza kutafuta sufuria. Siku tatu kabla ya Idi ya Mfungo Tatu alikuwa amekwisha kuagiza ming'oko kutoka kijijini kwao Matambarale, ile mizizi myembamba ya porini ambayo ikichemshwa kwa chumvi humsahaulisha mtu wa Kusini habari za nyama. Nazi alizikuna mwenyewe. Kuku alimchagua mwenyewe, jogoo aliyekuwa na kiburi uani kwao pale Ruangwa tangu kiangazi kilichopita, na kiburi chake kikaishia kwenye mafuta ya moto.

Safari yenyewe haikuwa ya mbali. Walikuwa wanakwenda Nachingwea tu, Idi Pili, kwenye bustani mpya ya michezo ambayo watoto walikuwa wameipigia kelele mwezi mzima: mabembea, bwawa la kuogelea, farasi wa plastiki wanaozunguka, na gurudumu kubwa la chuma linalopandisha watu juu kwa injini. Jamali, mume wa Zuhra, alikuwa kwenye machimbo ya Namungo na asingeweza kutoka. Kwa hiyo wangekwenda wanne: Zuhra, binti yake Samia wa miaka kumi na minne, Mudrik wa miaka saba, na mzee Isihaka, baba yake Zuhra, ambaye alihamia kwao tangu mkewe afariki mwaka juzi.

Asubuhi hiyo Samia alisimama mlangoni mwa jiko, simu mkononi, akamtazama mama yake anavyopanga vitu kwenye kikapu cha ukindu.

"Mama, kule watu wananunua chipsi kuku. Sisi tutaingia na masufuria kama tunahama nyumba? Noma hiyo."

"Noma ni njaa," alijibu Zuhra bila kuinua kichwa. "Bibi yako alitupeleka kwenye bembea kila Idi Pili mpaka nikaolewa, na hakuna siku alinunua hata andazi la njiani."

"Zamani hiyo, Mama."

"Basi leo ni zamani. Nipe ile kanga."

Samia akampa kanga, akaondoka akiburuta ndala makusudi ili asikike. Msichana wa umri ule akikasirika hata miguu yake huongea.

Zuhra alipanga kama alivyofundishwa. Wali wa nazi chini kabisa, sufuria imefungwa kwa kanga na kuviringishwa kwenye blanketi ili ukifunguliwa saa saba bado utoe mvuke. Juu yake kuku kwenye majani ya mgomba. Halafu mbaazi kwenye kindoo chenye mfuniko. Ming'oko mwisho, kwa sababu ikikandamizwa inakuwa uji. Chumvi na pilipili kwenye karatasi, pembeni. Hivyo ndivyo Bi Mwamina, mama yake, alivyokuwa akipanga, na Zuhra alipokuwa akipanga hivyo aliona kama mikono ile ya mama yake, yenye alama ya moto kwenye kidole gumba, inapita juu ya mikono yake.

Aliikumbuka sana Idi ile ya zamani. Walitoka Matambarale alfajiri, wakapanda lori la ufuta wakakaa juu ya magunia matupu, nguo mpya zikanuka ufuta siku nzima. Nachingwea palikuwa na bembea la mbao, visanduku vinne, likizungushwa kwa mikono na vijana wawili waliokuwa wakiimba ili wasichoke. Mama alitandika mkeka pembeni ya uwanja, akaweka kikapu katikati, akakaa. Watoto walikwenda na kurudi, kila mara wakipewa kipande: kipande cha kuku, mng'oko mmoja, tonge la wali. "Nendeni, mimi nipo," alikuwa akisema. Na kweli alikuwepo. Kwa Zuhra, hakuna mahali duniani palipowahi kuwa salama kama mkeka ule.

Mama alikuwa ameondoka. Lori lilikwisha kuuzwa kama vyuma chakavu, bembea la mbao likaoza. Kilichobaki mikononi mwa Zuhra ni namna ya kupanga kikapu, basi. Ndiyo maana hakutaka kusikia habari za chipsi. Kama siku ya leo ingepita bila wali ule kuliwa juu ya mkeka, angekuwa amemzika mama yake mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake mwenyewe. Hakumwambia mtu. Angeanza wapi?

Saa nne walikuwa wamefika. Pale getini palikuwa na kibao chenye maandishi mekundu: CHAKULA NA VINYWAJI KUTOKA NJE HAVIRUHUSIWI. Samia alikisoma kwa sauti, polepole, kama anasoma risala.

"Nimekiona," alisema Zuhra. Akakishika kikapu kwa mikono miwili.

Mlinzi alikuwa mtu wa makamo, mnene, kofia imemkaa upande. Alimwamkia mzee Isihaka kwa heshima zote, halafu akageukia kikapu. "Mama, samahani. Hiki hakiingii. Sheria ya tajiri."

"Ni chakula cha watoto tu, kaka yangu."

"Nakuelewa, dada. Lakini nikikuruhusu wewe, yule nyuma yako ana pilau ya watu arobaini."

Mzee Isihaka alikuwa amesimama kando, mikono mgongoni. Akasogea. "Wewe mtu wa wapi, bwana?"

"Songea, mzee. Peramiho. Naitwa Tadeo."

Uso wa mzee ukafunguka. Zuhra hakuwa ameuona umefunguka hivyo tangu msiba. "Mngoni! Kumbe ndiyo maana! Babu zenu walitupora mbuzi sisi Wamwera, leo mmerudia wali?"

Tadeo naye akapiga makofi. "Aa, mtani wangu! Mbuzi wenyewe walikuwa wamekonda, babu yangu alijuta njia nzima mpaka Songea!"

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Zuhra naye akashusha pumzi, kwa sababu huku Kusini kila mtu anajua kwamba utani ukishaingia, mlango hauna tena komeo. Mtani anaweza kukuvua kofia, anaweza kulala kaburini mwa baba yako akakataa azikwe mpaka umpe kitu, anaweza kukuchukulia chakula mezani, nawe unacheka. Mwenye kununa ndiye mwenye kosa, tena hutozwa faini. Zuhra akajua sasa baba yake ameshafungua njia. Wataingia na kikapu chao.

Mzee akachukua kikapu mikononi mwa binti yake, akachukua na mkeka, akampa Tadeo.

"Chukua, Mngoni. Chote. Leo umepora kihalali."

Tadeo alisita kidogo, akamtazama mzee usoni, akaona hatanii katika utani wake. Basi akafanya alichopaswa kufanya mtani yeyote mwenye akili: alikumbatia kikapu akakimbia nacho kwenye kibanda chake cha ulinzi, akipiga kelele, "Wamwera wameshindwa vita tena!" Foleni nzima ikashangilia. Mudrik alicheka mpaka akashika tumbo.

Zuhra hakucheka. Alitaka kupiga kelele. Alitaka kulifuata lile jitu kibandani alinyang'anye. Lakini angefanyaje? Kumkasirikia mtani, tena mbele ya watu, tena Idi Pili! Akameza hasira yake nzima nzima.

"Baba," alisema walipokwisha kuingia. "Kile kilikuwa chakula cha Mama."

"Najua," alisema mzee, akaendelea kutembea.

Ndani kulikuwa na muziki, vumbi na harufu ya mafuta ya chipsi. Watoto walitawanyika. Zuhra alisimama pembeni ya uzio hajui aweke wapi mikono. Ndipo alipogundua kwamba hajawahi kusimama mahali kama hapa akiwa hana kitu cha kushika. Kila Idi tangu Samia azaliwe alikuwa anatandika, anafungua, anagawa, anafukuza kunguru. Sasa alikuwa amesimama tu, machozi yanamtoka, na akina mama wengine wakadhani ni vumbi.

Samia alirudi akikimbia, amesahau kununa. "Mama, kuna nafasi kwenye gurudumu! Kiti kinakaa watatu. Njoo basi!"

"Nendeni, mimi nipo," alisema Zuhra.

Mzee Isihaka alikuwa amesimama nyuma yake. Aliposikia maneno yale alifumba macho kama mtu aliyekanyaga mwiba. "Samia, mjukuu wangu, kashike foleni. Mama yako anakuja." Samia alipoondoka, mzee akasema, "Unajua aliyekuwa akisema hivyo?"

"Si Mama? Ndiyo maana na mimi nasema. Alipenda kukaa pale, Baba. Ile ndiyo ilikuwa furaha yake."

"Nani alikuambia?"

Zuhra akatafuta jina la kutaja. Kwa kweli hakuna aliyemwambia.

"Mwaka ule mdogo wako Hemedy alipoachishwa ziwa," alisema mzee, akiangalia chini. "Mwamina aliniita. Akasema, 'Baba Zuhra, hebu shika hapa kidogo na mimi nikapande mara moja.' Mara moja tu, mwanangu. Mimi nilikuwa na haraka, kulikuwa na mpira, Matambarale inacheza. Nikamwambia, 'Na chakula nani atalinda? Kunguru hawa.' Akacheka, akakaa. Mwaka uliofuata hakuniomba. Hakuniomba tena mpaka mwisho."

Gurudumu lilikuwa likishuka na kupanda, watu wakipiga mayowe. Mzee alisubiri mayowe yapungue.

"Alipokuwa anaumwa, siku moja akaniuliza, 'Lile bembea la Nachingwea bado lipo?' Nikasema limeoza zamani. Akasema, 'Basi.' Akageukia ukutani." Alijifuta uso kwa kofia yake. "Miaka yote ile nilikuwa nakula wali wa moto nikisema nina mke hodari. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema. Nami sikuwahi kuuinua nikaona uzito wake. Leo asubuhi nimekuona umefunga kile kikapu vilevile, nikasema moyoni, na huyu naye atakaa juu ya mkeka mpaka jioni. Nisamehe. Sikujua namna nyingine ya kukunyang'anya."

Zuhra alitaka kukasirika lakini hasira hakuiona tena. Alichoona ni mama yake juu ya mkeka, kijana, kumbe mdogo kuliko yeye Zuhra alivyo sasa, ameinua uso anatazama visanduku vya mbao vinavyopanda. Miaka yote alidhani alikuwa anawaangalia wao watoto. Labda alikuwa anawaangalia. Labda siyo wao tu. Uchungu ulimpanda, na pamoja nao mapenzi makubwa kuliko aliyokuja nayo asubuhi, maana asubuhi alikuwa akimlilia mama, na sasa alikuwa akimlilia na yule mwanamke aliyetamani kupanda.

"Nenda," alisema baba yake. "Mimi nipo."

Alikwenda. Alikaa katikati, Samia kulia, Mudrik kushoto, chuma kikafungwa mbele ya tumbo lake, na kiti kikaanza kupanda. Mwanzoni alifumba macho akasoma dua zote anazozijua, hata ile ya kulalia. Samia akamcheka, akamwambia, "Mama, fungua macho bwana, unapitwa!" Akafungua. Gurudumu likasimama juu kabisa, likapepesuka kidogo, na Zuhra wa Ruangwa, mama wa watoto wawili, akapiga ukelele mmoja mrefu ambao ulisikika mpaka kibandani kwa Tadeo. Halafu akaanza kucheka na hakuweza kunyamaza. Walizunguka mara sita. Mara ya sita yeye ndiye aliyeuliza kama wanaweza kurudia.

Wakashuka. Baba yake alikuwa palepale alipomwacha, hajasogea hata hatua moja.

"Babu, njaa inauma," alisema Mudrik.

"Na mimi," alisema Samia, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Ule wali wa nazi, mtani hatakuwa ameumaliza?"

"Mngoni hamalizi cha Mmwera, angetania na nani kesho?" alisema mzee. "Tangulieni kibandani. Mwambieni atandike mkeka hapo nje ya geti."

Watoto wakakimbia. Zuhra alitaka kuwafuata, lakini mzee akamshika mkono, akamkalisha kwenye tofali lililokuwa pale kando ya uzio, naye akachutama mbele yake, magoti yakilia, kanzu nyeupe ya Idi kwenye vumbi. Alikuwa akimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama, kama mtu mwenye haya.

"Niambie," alisema. "Kule juu kukoje?"

"Kuzuri, Baba."

"La, siyo hivyo. Anza ulipokaa. Eleza polepole, usiruke kitu."

Zuhra akafuta macho kwa ncha ya mtandio, akaanza kumweleza.