Sale la Mama Mektrida

Udadisi ni ugonjwa, na Rukaya alikuwa nao tangu utotoni. Pale stesheni ya Moshi alipouza chai na maziwa, alijua nani anamsindikiza nani, na nani anamkimbia nani. Ila yule mama wa Kibosho alimshinda. Kila treni ya Dar ilipoingia, mama alisimama mbele ya behewa la chakula, ameshika jani la sale. Hapokei mgeni, hakati tiketi. Dirisha la behewa likifungwa, anageuka, anapanda zake mlimani.

Masale Rukaya aliyaona yamepandwa kama ua mipakani mwa vihamba tu, yale mashamba ya nyumbani ya Wachagga. Sasa stesheni kuna mpaka gani?

Siku treni ya abiria ilipokuwa inaingia kwa mara ya mwisho, maana mabasi yalishanyakua wasafiri, uvumilivu ulimwishia. Akampelekea mama kikombe cha chai.

"Shikamoo mama. Unisamehe, lakini nitakufa na swali hili. Hilo jani la nini?"

"Marahaba. La kuomba msamaha," alisema Mama Mektrida. "Mwanangu Valerian ndiye mpishi humo ndani. Nilimfukuza nyumbani, nikamwita mwizi wa kahawa. Baadaye mwizi akajulikana, si yeye. Aibu ni yangu, nikaona niibebe mwenyewe. Kwetu, aliyepokea sale amesamehe. Ndiyo maana anafunga dirisha. Leo akifunga, nitamwona wapi tena?"

Rukaya alimfahamu Valerian, mteja wake wa maziwa. Mpole vile, kumbe ana roho mbaya! Treni ikaingia, dirisha likafungwa. Rukaya akalinyakua jani, akapanda behewani bila hodi.

"Wewe! Mama aliyekuzaa unamfungia dirisha?"

Valerian alikuwa ameketi sakafuni, chini ya dirisha hilohilo, analia.

"Nilishamsamehe zamani, dada. Lakini mzazi aninyooshee sale kwa mkono wake, mimi mtoto? Nikipokea nimemdhalilisha. Sale la mzazi huletwa na mtu wa kati. Miaka yote nangoja atume mtu."

Rukaya alilitazama jani mkononi mwake, hasira zote zikamtoka.

"Basi ametuma," alisema.

Valerian akalipokea kwa mikono miwili, akafungua dirisha. Mama Mektrida alikuwa ameshageuka, anaelekea njia ya Kibosho.

"Mama!" aliita. "Ningoje, tupande mlimani wote."