Fermín Akiwa Abiria

Mume wangu Fermín ameendesha teksi ya wazi, isiyo na paa, hapa Mazatlán tangu ujana wake, akiwapeleka watalii ufukweni. Alipopata nafuu baada ya kupasuliwa moyo, rafiki yake Nabor alikuja kututembeza kwa teksi yake.

"We Nabor, kona hiyo! Punguza mwendo!" Fermín alifoka.

"Leo wewe abiria, mzee. Funga domo!"

Ufukweni tulimlaza kwenye bembea ya wavu chini ya makuti, nikammenyea kamba wa baharini na kuwakamulia ndimu. Alikula taratibu, akiitazama bahari.

"Kumbe huku ndiko nilikokuwa nawaleta watu!" alisema. "Na mimi nilikuwa nageuza gari tu, narudi zangu mjini."

Nabor alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nilimshika Fermín mkono. Ulikuwa na joto. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kuniachia mtu wangu.